Mayu Hatunaye

Mektilda ndiye aliyetoa wazo la mkeka wa msiba, na lilipoharibika hakumtafuta mtu wa kumsukumia. Hilo tumpe sifa yake mapema, maana mbele huko atakosa nyingi.

Alikuwa muuza wali katika soko la Bariadi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusikika mpaka stendi, na ndiye aliyekuwa kiongozi wa washangiliaji wa Kinu Stars. Timu hiyo ilikuwa ya kinu cha kuchambua pamba tangu enzi za ushirika. Siku hizo kinu kilikuwa kinalisha watu, kinasomesha watu, kinazika watu, na wachezaji walikuwa wanakula ugali wa kinu mchana na jioni. Ndiyo maana mjini hakuna aliyeiita Kinu Stars. Waliiita Mayu, yaani mama, na washangiliaji wakajiita watoto wa Mayu. Lile jina la kwenye jezi liliachiwa redio na chama cha mpira.

Kisha ushirika ukafilisika, serikali ikasema biashara ni huria, na wanunuzi binafsi wakaingia na malori yao na mizani yao. Kinu kikanunuliwa na Constantine, mzaliwa wa Shishiyu kule Maswa, mtu wa kazi na mwenye maneno machache. Timu ikaja pamoja na kinu kama kupe anavyokuja na ng'ombe. Mwanzoni watu walimpenda. Aliwashonea wachezaji jezi mpya za kijani, akauzungushia uwanja ukuta wa magunia, na kila aliyeingia akakatiwa tiketi. Watu walinung'unika kidogo, wakazoea. Mpaka zilipovuja habari kwamba anaiuza. Alikuwa anauza nafasi ya timu katika ligi kwa wafanyabiashara wa Mwanza, pamoja na wachezaji wake, nao wataibadilisha jina na kuihamishia kwao. Bariadi ibaki na magoli mawili na nyasi za kulishia mbuzi.

Watoto wa Mayu walituma wajumbe ofisini kwake mara kadhaa, wakaishia kukaa kwenye ngazi mpaka jua linazama. Ndipo wakaamua kugoma. Hakuna kukata tiketi, hakuna kuingia, hakuna ngoma, mpaka Constantine akae nao na kusema haiuzi. Uamuzi mzuri, ila tuwe wakweli, mgomo ule ulikuwa unavuja. Mtu anaapa mbele ya wenzake, halafu siku ya mechi anaaga nyumbani kwamba anamtafuta mbuzi wake, na mbuzi huyo huwa amepotelea uwanjani kila Jumamosi. Constantine naye aliwaambia watu wa Mwanza kwamba kelele zile ni za wanawake wawili watatu wa sokoni waliokosa kazi. Waje wenyewe waone, alisema. Wakakubali kuja siku ya mechi ya mwisho ya nyumbani. Wakikuta uwanja umejaa, watajua wenyeji hawana neno, watapeana mikono. Wakikuta mtupu, wataogopa kununua ugomvi.

Basi washangiliaji wakakutana kwenye kibanda cha Dastan, fundi baiskeli, ambaye ndiye aliyekuwa akipiga ngoma kubwa. Kila mtu alikuwa na wazo lake na mawazo yote yalikuwa ya fimbo. Mektilda akawasikiliza mpaka wakachoka.

"Mkipiga watu mtafungwa," alisema, "na mechi itachezwa mkiwa ndani. Mimi nauliza hivi. Mtu wa huku anaweza kuvunja mgomo, tumeona. Anaweza kupita mbele ya mkeka wa msiba akaenda kwenye mpira?"

Jibu kila mtu alikuwa nalo. Kwa Wasukuma msiba ukilia jembe halitoki nyumbani. Hata adui yako akifiwa unakwenda, unakaa chini, unasema pole, unanyanyuka mwenye msiba akikuruhusu.

"Tutandike mkeka hapo mlangoni," Mektilda akaendelea. "Tujifunge kanga, tukae, tulie. Akiuliza mtu nani amekufa, tunamwambia Mayu. Si uongo. Hao wa Mwanza nao ni Wasukuma. Nani atanunua ng'ombe anayeliliwa?"

Dastan alicheka mpaka akaangusha spana. Siku ile ile akaanza kupeleka habari kwa kila baiskeli iliyopita kibandani kwake na kila basi lililosimama stendi. "Mayu hatunaye. Jumamosi mchana tukutane uwanjani kwa Constantine." Kwa Constantine, kwa sababu tangu ukuta wa magunia ndivyo uwanja ulivyoitwa. Kwa mtu wa Bariadi ujumbe huo ulikuwa hauna tatizo lolote. Tatizo ni kwamba mabasi hayaishii Bariadi.

Jumamosi ilipofika, jua lilikuwa kali na barabara ya Maswa ilikuwa nyeupe kwa vumbi. Uwanja uko kando ya barabara hiyo, kabla hujaingia mjini. Mikeka ilitandikwa kuanzia kwenye mlango wa magunia mpaka karibu na barabara, na watoto wa Mayu wakaketi, wanawake mbele na kanga zao kiunoni, wanaume nyuma, kimya. Dastan aliiweka ngoma yake kifudifudi. Luhende, mkatisha tiketi wa Constantine, alikuwa kwenye kibanda chake cha mabati akiwaangalia kwa tundu, naye hakuwa na mteja.

Watu walikuja. Walikuja na mavazi yao ya Jumamosi, wakauona mkeka, wakapunguza mwendo. Waliojua mchezo walitabasamu wakakaa. Wasiojua waliuliza kwa sauti ya chini, wakaambiwa Mayu, wakakaa vilevile. Lakini wapo waliosimama pembeni wakitazamana, wale wa mbuzi waliopotea, na Mektilda aliona kwamba mmoja wao akithubutu kupita tu, wote watamfuata. Alianza kulia kwa sauti ili kuwatia aibu, na kwa kuwa alikuwa na sauti, alilia vizuri sana.

Kilio hicho ndicho lori la pamba lililotoka upande wa Maswa lilichokikuta.

Lori lilisimama katikati ya barabara na watu wakaanza kushuka kabla halijazimwa. Walikuwa wanawake wengi, wazee wachache, magunia ya unga, mbuzi mmoja. Mbele yao alikuwa mama mrefu mkavu aliyevua viatu akavitupa, akaja mbio, akajiangusha juu ya mkeka mbele ya magoti ya Mektilda.

"Nyanjige wee!" alilia. "Nyanjige, umeniacha na nani? Wifi yangu, tulikubaliana nitangulie mimi!"

Mektilda alinyamaza ghafla, mdomo wazi. Nyanjige alikuwa mama yake Constantine. Asubuhi ile ile alimwona kwa macho yake, nyuma ya soko, anaanika mtama juu ya ngozi na kufukuza kuku. Na huyu aliyelala hapa anagaragara alikuwa Benedikta, dada wa marehemu baba yake Constantine, yule ambaye Constantine mwenyewe humwita sengi, shangazi, na ambaye neno lake Shishiyu halirudiwi.

Akaelewa mara moja. Ujumbe wa Dastan ulitoka stendi ukiwa "Mayu hatunaye, uwanjani kwa Constantine." Ulipofika Nyalikungu, mjini Maswa, kwa utingo asiyejua mpira, ukawa "Mayu wa Constantine hatunaye." Na ulipoingia Shishiyu ukawa mama yake Constantine amefariki. Kila aliyeubeba aliurekebisha kidogo ueleweke.

"Dastan," alinong'ona bila kugeuza kichwa. "Huyu anamlilia mtu mzima."

"Nyamaza," Dastan akanong'ona kutoka nyuma. "Angalia barabarani."

Akaangalia. Wale waliokuwa wamesimama pembeni walikuwa wanakaa, mmoja baada ya mwingine, kofia mikononi, maana kilio cha Benedikta hakikuwa cha kuigiza. Wapita njia waliacha baiskeli zao wakaja. Wauza karanga walikaa. Luhende alitoka kwenye kibanda chake, akafunga mlango na kufuli, akaja kuketi na washangiliaji. Tangu mgomo uanze haukuwahi kukamilika namna hiyo. Hakukuwa na mtu hata mmoja katika Bariadi yote ambaye angekata tiketi siku ile.

"Mektilda, tumeshinda," Dastan alinong'ona. "Usiseme kitu. Wakiondoka wageni, tutasema. Tutaomba radhi, watacheka, yataisha."

Mektilda akaufunga mdomo. Aliupenda mpira ule kuliko watu walivyodhani. Mume wake alizikwa na timu ile, ndugu zangu, wachezaji ndio waliolibeba jeneza, na tangu hapo Jumamosi ndiyo siku pekee ambayo nyumba yake haikumlemea. Alimshika Benedikta bega na kumpapasa kama mtu anavyompapasa mfiwa, na moyoni alijichukia.

Hazikupita dakika nyingi, pikapu ya wageni ikafika kutoka Mwanza na Constantine ndani. Constantine alishuka amekunja uso. Aliona mikeka, aliona kibanda cha tiketi kimefungwa, na alimwona Mektilda, akaanza kuja kwake kwa hatua za mtu anayekuja kufukuza watu. Ndipo akamwona Benedikta chini.

"Sengi?" alisema. "Sengi, kuna nini?"

Benedikta alinyanyua uso wenye vumbi na machozi. "Baba, mama yako. Mama yako ametuacha."

Constantine alibaki amesimama kama hakusikia. Kisha yule mtu ambaye wajumbe walikaa kwenye ngazi zake mpaka jua kuzama alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya mlango wake mwenyewe na suruali yake ya kitambaa kizuri, akatoa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

Wageni wa Mwanza walivua kofia. Mmoja alimwambia mwenzake kwa sauti ya chini, lakini Mektilda alisikia, "Hapa hakuna mpira leo. Tutoe pole tuondoke. Mambo ya timu tuyaache, hii si dalili nzuri."

Hayo ndiyo maneno ambayo Mektilda alikuwa ameyatafuta kwa miezi. Yalikuwa yamesemwa. Kilichobaki ni wale watu kupanda gari na kugeuza. Nyuma yake Dastan alimshika upindo wa kanga na kuuvuta, kumkumbusha.

Constantine akamgeukia yeye. "Mayu," alisema, na lilikuwa neno la heshima tu ambalo kila mwanamke aliyezaa huku huitwa, "wewe unakaa jirani naye. Alikufa lini? Aliniita? Niliondoka Jumanne sijamuaga. Nilisema nitamuaga nikirudi."

Mektilda alifika kwa mama yake mwenyewe siku moja baada ya kaburi kufukiwa. Hiyo ni habari ya zamani na hakuwa akiizungumza, lakini alijua mtu anajisikiaje akiuliza swali lile. Alihesabu yale yote aliyokuwa akiyapoteza, na alitamani mtu mwingine aseme. Hakuna aliyesema. Alivuta kanga yake kutoka mkononi mwa Dastan.

"Mama yako mzima," alisema. "Asubuhi nimemwacha anaanika mtama. Hapa tunalilia timu. Mayu ni timu."

Mbuzi wa Shishiyu alilia. Halafu mtu mmoja huko nyuma alishindwa, akacheka kwa pua, na mwenzake akampiga kofi la mgongo.

Benedikta alikaa vizuri, akafuta uso kwa viganja vyote viwili. "Timu ni nini?" aliuliza.

Mektilda akamweleza. Alieleza kila kitu, kinu, ushirika, tiketi, mkeka, na ujumbe uliopita Nyalikungu. Hakumtaja Dastan. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Benedikta ulivyozidi kuwa mgumu, na ndivyo Constantine alivyozidi kunyanyuka, goti moja kwanza, kisha la pili, akijipangusa vumbi.

"Mmemlilia mtu mzima," Benedikta alisema. "Mmemtandikia mkeka mtu anayekula na kunywa. Nimegaragara hapa nikimwita kwa jina. Mnajua hilo linaitaje kifo?"

"Tunajua, mayu," Mektilda alisema. "Tumekosa."

Kabla shangazi hajaendelea, barabarani kulitokea kelele. Baiskeli ilikuwa inakuja kutoka mjini, na kwenye kiti cha nyuma alikaa kikongwe mdogo mwenye kitambaa cheupe kichwani, ameshika mgongo wa mwendeshaji kwa mkono mmoja na kwa mwingine anapunga. Alikuwa Nyanjige. Jirani alimgongea mlango akiwa na kibakuli cha unga kwa ajili ya msiba wake, akafunguliwa na marehemu mwenyewe, akaacha unga akakimbia. Nyanjige akaamua kwenda kuona.

"Nani anasema nimekufa?" aliuliza aliposhushwa, na kwa kweli alionekana amefurahishwa kuliko kukasirika. "Benedikta, mbona una vumbi hivyo? Mwadila."

"Mwadila," Benedikta aliitikia salamu, akamkumbatia, akalia upya, safari hii kwa hasira na furaha pamoja. Kisha akageuka kwa watu. Alikuwa amepona na sasa alitaka haki. "Hili halipiti hivi hivi. Aliyeliliwa mzima lazima wote waliomlilia wakae naye leo leo, wacheke naye, jua lisizame wakiwa wamenuna. Na wenye kosa watoe faini. Kwetu kosa kama hili ni ng'ombe."

Watu walikubali kwa kichwa. Hakuna aliyeona ajabu, maana faini ndiyo njia ya kumaliza jambo bila kuachiana kinyongo, na mtu anayekataa faini amekataa watu.

Constantine alikuwa amesimama karibu na mama yake, amemshika mkono. Macho yake yalikuwa bado mekundu. Alitazama wageni wake waliokuwa wamekwisha kufungua milango ya pikapu, akatazama umati ule wote uliokaa mikekani, mji mzima, ambao haukuwahi kukusanyika mbele ya mlango wake namna ile. Mektilda alimwona akifikiri, na akajua kabla hajasema.

"Sengi," Constantine alisema kwa upole, "ng'ombe ni mzigo kwa watu hawa. Mimi sitaki ng'ombe wao. Hapa ndani kuna mpira unaanza. Kila aliyekaa kwenye mkeka akate tiketi, aingie, akae na mayu wangu, afurahi naye. Hiyo ndiyo faini. Imetosha."

"Umesema vizuri, mwanangu," Benedikta alisema. "Una moyo wa baba yako."

Dastan aliruka juu. "Tunatoa ng'ombe!"

"Ninaye mtamba mmoja," Mektilda alisema kwa haraka. "Yuko kwa kaka yangu. Nitamleta kesho asubuhi, ni wangu mwenyewe, hana deni. Mchukueni yule, mayu. Tunaomba."

Benedikta alimtazama kwa mshangao wa kweli. Maisha yake yote alikuwa ameona watu wakiomba faini ipunguzwe. Hakuwahi kuona mtu akiomba iongezwe. "Mtamba mzima badala ya tiketi?" aliuliza. "Kwa nini? Hamtaki kukaa naye?"

Ungefanyaje hapo? Ungemwambiaje mama aliyetoka kugaragara kwamba ndiyo, hatutaki kukaa na wifi yako, tuna mgomo? Nyanjige mwenyewe alimaliza. Alimwachia mwanawe mkono, akamshika Mektilda wake.

"Huyu nitakaa naye mimi," alisema. "Anapita mlangoni kwangu kila asubuhi na sufuria kichwani, ananiamkia vizuri. Twende mama, unionyeshe huo mpira. Sijawahi kuuona."

Luhende alikuwa amekwisha fungua kufuli. Mektilda ndiye aliyetangulia kukata tiketi, kwa sababu bibi alikuwa amemshika mkono na hakuwa akiuachia. Nyuma yao wakaja wengine, kwa mstari, wakitazama chini, na Luhende akachana karatasi mpaka akaanza kulowesha kidole kwa mate. Dastan alikuwa wa mwisho. Aliingia na ngoma yake kwapani, haongei na mtu.

Uwanja ulijaa. Sina namna nyingine ya kusema, ulijaa mpaka magunia ya ukuta yakasukumwa nje. Watu wa Shishiyu walikaa na watu wa sokoni, na kwa kuwa waliamriwa kufurahi, walianza kufurahi, kwanza kwa shingo upande, halafu kweli. Kinu Stars hawakuwa wamecheza mbele ya watu wao tangu mgomo ulipoanza, na walikimbia kama walioachiwa kutoka zizini. Bao la kwanza lilipoingia, Dastan alijisahau akaipiga ngoma, akakumbuka, akaacha, lakini tayari mji mzima ulikuwa umesimama ukicheza.

Nyanjige alikaa kwenye kiti alichotafutiwa, Mektilda chini kando yake. "Wetu ni wapi?" aliuliza.

"Wa kijani, mayu."

"Wazuri. Yule mrefu ananichekesha, anadondoka kila mara." Aliangalia kwa makini, shingo mbele. "Jumamosi ijayo nitakuja tena. Utanipitia?"

Mektilda aliangalia uwanjani. "Jumamosi ijayo hawapo, mayu. Constantine anawauza Mwanza. Ndicho tulichokuwa tunalia."

Bibi aligeuza uso taratibu. "Anauza hiki? Hiki ambacho watu wote wanacheza hivi?"

"Ndiyo."

"Na mlimwambia asiuze?"

"Tulimwendea ofisini hakutusikiliza. Tukagomea tiketi. Ndipo tukatandika mkeka."

Nyanjige alifikiri. Hakukasirika, alionekana anatafuta kitu ambacho hakukiona mahali pake. "Mbona hamkuja kwangu?" aliuliza. "Niko hapo nyuma ya soko. Constantine hajawahi kunikatalia neno tangu azaliwe."

Miezi yote ile walikaa kibandani kwa Dastan wakivunja vichwa, na hakuna hata mmoja aliyetamka jina la bibi huyu. Walikuwa wanamlilia Mayu na hawakukumbuka kwamba Constantine ana mama.

"Niitie," Nyanjige alisema.

Constantine aliitwa kutoka ng'ambo ya uwanja, alikokuwa amesimama na wageni wake. Alikuja haraka, akachuchumaa mbele ya mama yake kama mtoto mdogo, uso umelainika. Siku ile angempa chochote, na hilo lilionekana wazi.

"Constantine, timu hii usiiuze," mama yake alisema. "Nimeipenda."

Alimtazama mama, kisha akamtazama Mektilda, na kwa mara ya kwanza Mektilda aliona kwamba mtu yule alikuwa anaumia.

"Nimeshawapa mkono, Mayu," alisema. "Wameshanipa na wao. Siwezi kurudi nyuma."

"Umewapa lini?"

"Sasa hivi, uwanja ulipojaa. Walikuwa wanakataa. Walisema kama watu wenyewe wamekuja wote na tiketi mkononi, basi hakuna mwenye neno." Akainamisha kichwa. "Ungeniambia mapema, Mayu, wallahi nisingeuza."

Kinu Stars walipata bao la pili na watu wote wakasimama. Mektilda alibaki chini kando ya kiti, na alihisi bibi akiuachia mkono wake taratibu.